Nakala Halali

Januari, Lewiston, jimbo la Maine.
Mto umeganda kingoni, katikati bado unanong'ona.
Mimi Mapendo wa Uvira, kaunta namba tatu,
nina mihuri, nina sponji ya kulowesha vidole
na kitabu cha kanuni kilichovimba kwa kufunuliwa.

Zamani, alinifundisha Bwana Gagnon, msimamizi wangu,
hundi zilisafiri kwa ndege, usiku, magunia kwa magunia,
kila karatasi ikirudi benki iliyoizaa
kama mtoto aliyetumwa dukani.
Siku moja ya Septemba ndege zote zikaambiwa zikae chini.
Magunia yakalala. Madeni yakalala nayo.
Baadaye sheria ikaandikwa:
karatasi ibaki, isafiri sura yake.

Sura ya mbele, sura ya mgongo.
Isomeke tarehe, kisomeke kiasi kwa tarakimu na kwa maneno,
isomeke safu ya chini, ile ya wino wa sumaku
ambao mashine huunusa kama mbwa.
Na atakayedai karatasi apewe mbadala
wenye maneno haya, yasipunguzwe hata moja:
Hii ni nakala halali ya hundi yako.
Unaweza kuitumia vile vile ambavyo ungeitumia ya asili.

Alhamisi akaingia Bi Claudette Thibodeau,
buti zimeota weupe wa chumvi ya barabarani,
akaomba hundi namba 2217:
dola sitini, kwa Réal Ouellette, kazi ya kuondoa theluji,
imeandikwa na Normand, mumewe, tarehe tisa.
Tarehe kumi Normand hakuamka.

Nikamchapishia. Ilitoka na joto la mashine.
Akaigeuza, akapitisha kidole gumba mgongoni.
"Normand alikuwa anakandamiza kalamu," akasema.
"Hata meza yetu ya jikoni ina hesabu zake.
Hii ni laini."

Nikamweleza, maana kazi yangu ni kueleza,
kwamba Réal aliipiga picha kwa simu, ndani ya gari,
kwamba picha ikishapokelewa karatasi huwekwa siku chache, kisha huchanwa,
isije hundi moja ikalipwa mara mbili,
kwamba benki inayopeleka picha huidhaminia benki inayoipokea:
hakuna atakayedaiwa tena alichokwisha kulipa.
Alinisikiliza mpaka mwisho.
"Tena," akasema. Hilo tu. Akavaa glavu.

Mali bila daftari huisha bila habari, tunasema.
Daftari ninalo. Kila kitu nimekikuta humo
isipokuwa uzito wa mkono.
Mimi pia nina kaburi ndani ya simu.
Binamu alilipiga mbele na ubavuni.
Linasomeka vizuri.

Jumatatu akaja Réal, kofia mkononi,
akatoa mfukoni mwa shati karatasi iliyokunjwa mara mbili.
Ilikuwa garini muda wote, chini ya risiti za dizeli.
Alipaswa kuichana. Uvivu, akasema, si kingine.
Ina doa la kahawa, na nyuma, chini ya saini yake,
yale maneno tunayowaamuru: kwa kuwekwa kwa simu tu.

Kanuni iko wazi, sikuhitaji kuifunua.
Mashine ya kuchana iko hatua nne kutoka kitini pangu.
Nikaitazama kamera ya darini, nayo ikanitazama.
Nikachukua muhuri mwekundu, IMEFUTWA,
nikaugonga pembeni, pale pasipo na mwandiko.
"Mpelekee mwenyewe," nikamwambia.
"Njia ya kwake unaijua, si wewe unayeisafisha?"

Lakini kabla hajaikunja nikaomba niishike kidogo.
Nikaigeuza. Nikafumba macho.
Sita, imegeuka. Sifuri.
Halafu ule mstari mrefu aliouvuta hadi ukingoni
ili mtu asije akaongeza chochote.